Hayakuhusu na Mayai ya Mama Anjela

Harufu ya yai la kienyeji likikaangwa kwenye moto wa kuni inanitia hasira mpaka leo. Wengine inawakumbusha likizo kwa bibi. Mimi inanikumbusha wanawake wawili: mmoja nilimchukia tangu nikiwa na miaka kumi na moja, wa pili nikachelewa kumchukia, na nilipoanza nilikuwa tayari mtu mzima mwenye nyumba yake. Hapa Makambako ninapoishi sasa, mayai nanunua kwa mama mmoja anayeyaleta kwenye ndoo, yamelazwa juu ya maranda yasipasuke. Kabla sijalipa naligeuza kila yai, juu, chini na ubavuni. Mume wangu anasema nakagua mayai kama trafiki anavyokagua malori pale njia panda. Acha acheke. Yeye hakukulia Njombe, na hajawahi kuwa na mbwa.

Nilikulia mtaa wa Ramadhani, Njombe, ambako watu wanasema ni mjini, lakini uani kwetu hakukuwa na mji wowote. Kulikuwa na matuta ya viazi, mti wa pichisi usiozaa, na jiko la nje ambalo moshi wake uliingia kwenye sweta la shule na kukaa humo wiki nzima. Baba alikuwa Matembwe akipasua mbao. Alikuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine iliisha bila yeye. Nyumbani tulibaki mama, mimi na mdogo wangu Kosmas, ambaye alikuwa hajaanza shule na alikuwa na njaa saa zote. Upande wa pili wa ua wa mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, aliishi Mama Anjela, mjane, na binti yake Anjela aliyekaa dawati moja na mimi.

Mama na Mama Anjela walikuwa hawapatani kwa sababu ya kichaka cha milanzi kilichoota mpakani. Mama alisema kilipandwa na baba mkwe wake. Mama Anjela alisema mizizi iko kwake. Basi kila mmoja alikuwa akigema ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, kwa kuvizia, huyu asubuhi na yule jioni, mpaka siku moja tukakuta milanzi yote imekatwa kwa panga. Nani alikata, hakuna aliyesema, na mimi nina mawazo yangu. Mama hakwenda kulalamika kwa mtu. Alikwenda Matembwe kumsalimia baba, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, akasimama pale pale mpakani na kumpa jina kwa sauti iliyofika barabarani. Alimwita Hayakuhusu.

Kama hujakaa kwetu huwezi kuelewa ubaya wa jambo hilo. Lile usiloweza kumwambia jirani usoni, unampa mbwa liwe jina lake, halafu unamwita mara ishirini kwa siku. Jirani hawezi kukushtaki, maana hukumtaja. Mama Anjela akitoka kufagia, mama anaita, "Hayakuhusu, njoo hapa." Akipata wageni, mama anaita tena. Mbwa wa watu alikuwa anakimbia huku na huko siku nzima na hajui anaitiwa nini.

Alikuwa mbwa mwekundu kama udongo wetu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimpenda. Naliandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu kwetu mbwa hapendwi, mbwa anafugwa. Alinisubiri kwenye kona nikitoka shule, na mimi ambaye nilikuwa mgomvi, mwenye mdomo, asiye na rafiki wa kudumu, nilikuwa na mtu mmoja anayefurahi kuniona.

Nilipokuwa darasa la tano, Mwalimu Beatus alinichagua kusimulia hadithi siku ya wazazi. Nadhani alinichagua kwa sababu ya mdomo huo huo. Nikamwambia nitakuja na mbwa, na mbwa ataigiza. "Mbwa shuleni?" akasema. "Skola, unataka nifukuzwe kazi?" Nilimsumbua siku nne akakubali, kwa sharti moja: hakuna kilugha. Shuleni ni Kiswahili, hata kwa mbwa.

Hadithi niliitunga mwenyewe kutoka kwenye vipande vya hadithi za bibi, ambaye kama angeisikia asingeitambua. Hapo zamani mbwa aliishi porini na fisi na mbweha. Siku moja kuku wa mtu akapotea njia, akataga kichakani. Fisi akalikanyaga yai la kwanza. Mbweha akanywa la pili. Mbwa akaliokota la tatu kwa mdomo, akatembea nalo bila kulipasua mpaka kwa mama mwenye nyumba, na mama akamwambia kuanzia leo utalala karibu na moto wangu. Ndiyo maana mbwa yuko kwetu na fisi yuko porini.

Kumfundisha kulinichukua miezi miwili, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mama hakuwa na kazi napo. Nilianza na jiwe ndani ya kapu. Kisha kiazi kidogo. Kisha yai la kuchemsha, lile lile moja, mpaka likaanza kunuka na mbwa mwenyewe akalikataa. Nilikuwa mwalimu mkali, nilifundisha kama nilivyofundishwa. Akikosea nilimfinya lile sikio lililolala. Akipatia nilimpa ukoko wa ugali. Amri alizozijua zilikuwa za Kibena, maana ndicho tulichoongea nyumbani, ikabidi nianze upya na Kiswahili cha Mwalimu Beatus: kaa, lala, leta. Katika wiki mbili akawa anaelewa Kiswahili kuliko bibi. Nilijivunia sana zile amri za Kiswahili. Leo natamani ningekuwa bubu.

Yai bichi lilimshinda. Alivunja la kwanza, akavunja la pili, na sisi tulikuwa na kuku wawili tu, tena wavivu. Ikaja mitihani ya muhula, nikamwacha karibu siku kumi bila kumfundisha. Niliporudi kwake nilitegemea nimkute amesahau kila kitu. Badala yake alilitoa yai bichi kwenye kapu kwa midomo tu, akaja nalo taratibu, akaliweka miguuni pangu, akakaa, akafungua mdomo kusubiri ukoko. Lilikuwa halina hata ufa. Nikajisifu. Nikajiambia mimi ni mwalimu aliyebarikiwa, mwanafunzi wangu anaendelea kujifunza hata nisipokuwepo.

Msimu huo huo tulianza kula mayai. Asubuhi, kabla ya shule, pamoja na viazi vya kuchemsha, mama alikaanga yai moja akatugawia mimi na Kosmas. "Kuku wameanza kukumbuka kazi yao," alisema. Tulikula kwa haraka bila maswali. Siku moja nililiona yai mkononi mwake lina alama nyeusi ubavuni, kama mistari miwili iliyokatana. Alilifuta kwa kidole gumba, akalipasua kwenye ukingo wa kikaango. "Masizi," akasema, ingawa mimi sikuuliza.

Haukupita muda Mama Anjela akaanza kupiga kelele. Mayai yake yanapotea mchana kweupe, kwenye kapu lililowekwa chini ya upenu, na kuku wake anaatamia majani. Alisema ni mbwa wetu. Akipita kwenda kuchota maji alikuwa anasema na njia, "Za mwizi arobaini," na mama alikuwa anaita mbwa. Mwishowe akamleta mwenyekiti wa mtaa. Jumamosi moja tukakaa uani kwa mwenyekiti, mzee aliyechoka, aliyevaa koti la mvua hata siku za jua.

"Umemwona akiingia kwako?" mwenyekiti akauliza.

"Nyayo zake nimeziona."

"Na maganda ya mayai?"

"Hakuna maganda. Anayala na maganda yake."

Mwenyekiti akasema nyayo za mbwa ziko mtaa mzima. Lakini akasema na jambo jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: mbwa akishaonja mayai haachi, kwa hiyo ushahidi ukipatikana, mbwa huyu atauawa. Usipopatikana, Mama Anjela ataomba radhi mbele ya watu. Mama yangu akanyoosha mkono juu. "Haki ya Mungu," akasema, "mbwa wangu hajawahi kula yai la mtu hata siku moja." Aliongea kwa utulivu, macho makavu. Nikamwona mkubwa kuliko watu wote waliokuwa pale. Mama Anjela nilimwangalia kwa jicho ambalo mtoto hatakiwi kumwangalia nalo mtu mzima.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya kijinga. Siku ya wazazi Mama Anjela atakuwepo, mwenyekiti atakuwepo, mtaa wote utakuwepo. Hayakuhusu akibeba yai bichi mbele yao na kulifikisha zima, nani atafungua tena mdomo kusema anakula mayai? Nilipanga kumwokoa mbwa wangu na kumwaibisha yule mama kwa pigo moja. Na sijui ni lipi nililitaka zaidi. Mama sikumwambia habari ya yai. Nilimwambia mbwa atabweka na kulala, basi. Hilo jingine nilitaka limshangaze.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi ile ya Julai inayokufanya uongee huku meno yanagongana. Wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wamejifunika vitenge juu ya masweta. Mama alikuwa mstari wa tatu na Kosmas. Mama Anjela alikuwa mstari wa mbele, pembeni ya mwenyekiti, kama shahidi anayengoja kuitwa.

"Hadithi, hadithi," nikasema.

Kabla watoto hawajajibu, Hayakuhusu akabweka mara moja. Uwanja mzima ukacheka, na nikajua nimewashika. Fisi alipotajwa akanguruma. Niliposema lala, mbwa wa porini akalala na baridi yake. Mwalimu Beatus alikuwa amejishika mbavu. Nikawaeleza habari za yai la kwanza na la pili, sauti nikaishusha, nikainua kapu ili waone yai la tatu ni bichi na ni zima, nikaliweka chini. "Leta," nikasema.

Akalichukua kwa midomo. Akanijia mimi niliyekuwa nimepiga magoti na mikono imekingwa, akanifikia, akanipita. Akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akaenda mpaka kwa mama yangu, akaliweka lile yai mapajani mwake juu ya kitenge. Akakaa. Akafungua mdomo.

Makofi yaliyopigwa pale sijawahi kuyapata tena maishani mwangu. Walidhani ndivyo nilivyopanga, mama mwenye nyumba wa kwenye hadithi ni mama yangu mwenyewe. Mwalimu Beatus alipiga dawati kwa ngumi. Nami nilikuwa napiga makofi, ingawa moyoni nilikasirika kidogo kwamba mbwa amekosea. Kisha nikamwona mama. Hakuwa anapiga makofi. Mkono wake ulikuwa umeingia kwenye pindo la kitenge, pale wanawake wanapofungia vitu vidogo, unapapasa, halafu ukasimama humo humo. Mbwa aliendelea kuuangalia ule mkono.

Mama Anjela naye aliuona. Akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowafanya watu wamsikie. "Aliyemfundisha yuko pale mbele amepiga magoti," akasema. "Mbona yai amempelekea yule?"

Mwenyekiti akaacha kupiga makofi.

Jumatatu alikuja kwetu na mgambo. Nilikuwa nimerudi kula mchana. Mwenyekiti hakukaa. Alimwambia mama kwamba kuna maswali mawili. La kwanza, mbwa huyu anachukua mayai ya watu au hachukui. La pili, kama anachukua, anampelekea nani. Akasema anaomba ajibiwe yote mawili. Mama alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja kizima, akakitupia kwenye maji.

"Mbwa ni mbwa," akasema. "Mchukueni."

Lile swali la pili mwenyekiti hakulirudia. Mgambo akafungua kamba. Mimi nililia, nikamshika mama sketi, nikamwambia, mama, waambie, uliapa, waambie. Akaniondoa mikono kidole kimoja kimoja. "Nyamaza," akasema. "Nitakutafutia mwingine."

Walimpeleka kwenye miti ya misindano nyuma ya mtaa. Niliwafuata mpaka kwenye mti wa kwanza, nikaishia hapo. Sikuona. Nilimsikia yule mgambo, kijana wa watu asiye na ubaya na mtu, akihangaika na mbwa anayevuta kamba. Kisha akasema, "Kaa."

Nikajua amekaa. Kwa Kiswahili changu cha Mwalimu Beatus, chenye matamshi mazuri, nilichomfinyia sikio mpaka akakishika. Kama ningemwacha na Kibena chake angevuta kamba, labda ingekatika, labda angefika Matembwe. Alikaa, na nina hakika alifungua mdomo akisubiri ukoko.

Nilipiga mawe bati la Mama Anjela siku tatu mfululizo. Sikumsalimia tena, na kwetu mtoto kumpita mtu mzima bila kumwambia kamwene ni kosa ambalo hata wapita njia wanakuchapia. Nilichapwa. Sikumsalimia. Anjela nilimhama dawati. Mwaka ule Anjela alipopata Kipaimara, mama yake alikuwa ameahidi wageni kuku, na kuku hawakuwepo, wakala maharage. Nilisimama kwenye mabingobingo nikacheka kwa sauti ili wanisikie. Mama yangu alinisikia akiwa jikoni. Hakunikataza.

Mayai tuliacha kula. Mama alisema kuku wamerudia uvivu wao. Nami nikaamini, maana mtoto aliyeshiba hadai maelezo, na mwenye hasira hadai kabisa.

Miaka ikapita. Nikaolewa Makambako. Mama mkwe akanipa tetea wa kuanzia, na alipoanza kuatamia akaniita bandani, akanipa kipande cha mkaa. "Haya yaliyomo weka msalaba," akasema. "Kuku wengine wataingia kutagia humo humo. Yasiyo na msalaba ndiyo utatoa ukale. Yenye msalaba usiguse, hao ni vifaranga." Nikachora la kwanza. Nikachora la pili. Nikaliangalia, nikalipitishia kidole gumba, likabaki doa jeusi ubavuni. Nikakaa chini pale bandani kwenye kinyesi cha kuku, mama mkwe akadhani nina mimba.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari kwenda Njombe. Nilimkuta mama uani anapukuchua maharage, amezeeka, mgongo umeanza kuinama. Sikukaa. Nilimwambia, "Mama, masizi hayachori msalaba."

Hakuniuliza nazungumzia nini. Aliendelea na ganda alilokuwa nalo mkononi, akatoa punje zote, akalitupa. Kisha akainua uso, na sikuona aibu yoyote humo. Niliona hasira, hasira iliyonisubiri miaka yote hiyo nifungue mdomo.

"Uliyala," akasema. "Ulishiba, hukushiba?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Makambako. Nilikuwa na maneno. Mimi Skola, mwenye mdomo, niligeuka nayo yote nikatoka.

Nyumba ya Mama Anjela iko pale pale, bati lina mbonyeo za mawe yangu. Nikitoka kwa mama siku ile nilimkuta mlangoni amekaa juani. Simpendi, siwezi kuwadanganya. Alitaka mbwa wangu afe, akafa. Lakini nilisimama, nikamwambia kamwene. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akainuka na kigoda chake, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilibaki nimesimama pale, nikiangalia kapu lake la kuku chini ya upenu.